Maswali Yenu: Kuanza na 8051, chipu ndogo unayoweza kuijua yote

Safari hii ukurasa mzima nimewapa 8051 (kompyuta ndogo nzima ndani ya chipu moja, prosesa, memori na pini za kuunga vitu) manake barua zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza kitu kile kile kwa sura tofauti, mtu amepata chipu na hajui aanzie wapi, au ameanza na amekwama mahali. Nimechagua chache ambazo majibu yake yatawasaidia wengi. Ntakuwa natumia AT89S52 kwenye mifano, ni ya ukoo wa 8051 na ndo rahisi zaidi kwa mtu anayeanza.

SWALI: Shikamoo fundi. Chuoni tumeambiwa tuanze na 8051 lakini wenzangu wa madarasa mengine wanatumia Arduino na wanasema sisi tunafundishwa chipu za mababu. Kuna faida gani kweli kujifunza kitu cha 1980?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni kweli Intel waliitoa 1980, ikiwa na ROM ya kilobaiti 4 na RAM ya baiti 128, yaani ujumbe mmoja tu wa simu unaweza kuijaza hiyo RAM. Na mi nasema uzuri wake ndo huo. Ni ndogo kiasi kwamba mtu mmoja akikaa nayo anaweza kuijua yote, kila rejista (visanduku vya memori vinavyoendesha chipu), kila pini, kila taima, hakuna kona iliyofichwa. Ukiwa kwenye Arduino unaandika digitalWrite taa inawaka, vizuri, ila kati ya hilo neno na pini yenyewe kuna kazi kibao imefanywa na watu wengine na wewe huioni, sasa siku mambo yakigoma unabaki unabahatisha. Kwenye 8051 unaandika P1_0 = 0, kompaila (programu inayogeuza maandishi yako kuwa amri za chipu) inatoa amri moja ya kushusha hiyo biti, na kama kristali yako (kifaa kinachotoa mapigo ya saa) ni ya MHz 12 basi amri hiyo inachukua maikrosekunde 1 kamili, kwa sababu chipu hii inatumia mapigo 12 ya saa kwa kila mzunguko wa kazi. Unaweza kuhesabu kwa karatasi na kalamu halafu ukapima na ukakuta ni vile vile. Hiyo raha ya kujua kwa hakika ndo inayomjenga mtu kuwa mhandisi.

Halafu sio ya mababu kama wanavyosema. Moyo wa 8051 bado unawekwa kwenye chipu za leo, familia ya EFM8 ya Silicon Labs ni 8051, na CC2540 ya Texas Instruments ambayo ni ya Bluetooth nayo ndani yake ni 8051. Arduino sio mbaya hata kidogo, ATmega328P iliyoko kwenye Uno nayo ni chipu nzuri ya biti 8 na ukishazielewa rejista za 8051 utaisoma ile bila shida. We soma unachopewa, soma kwa moyo.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nimenunua AT89C51 pamoja na kile kifaa cha USBasp cha kuflashia (kuingizia programu kwenye chipu), nimeunga waya zote kama mchoro unavyoonyesha ila kompyuta inasema chipu haionekani. Nimebadilisha waya, nimebadilisha hadi kompyuta. Tatizo ni nini?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Angalia hiyo herufi katikati ya jina. Una AT89C51 na ulichokuwa unahitaji ni AT89S51 au AT89S52. Ile yenye C haina njia ya kuflashiwa kwa waya chache ikiwa kwenye saketi, inataka mashine yake maalumu inayopeleka data kwa pini nyingi kwa pamoja na kwa kawaida inaipa volti 12 wakati wa kuandika. Yenye S ndo imeongezewa hiyo njia ya waya chache. Kwa macho zinafanana kabisa, pini 40 zote mbili, kwa hiyo hujakosea kuunga, umepata tu chipu isiyoendana na kifaa chako.

Ukipata ile ya S, waya za kuflashi zinaenda hivi: MOSI pini 6, MISO pini 7, SCK pini 8, na RST pini 9. Hapo kuna mitego ambayo watu wengi wanaingia. Wa kwanza, chipu hii haina saa ya ndani, bila kristali kwenye pini 18 na 19 imekufa kabisa na haiwezi hata kuflashiwa, tofauti na ATmega ambazo zinatoka kiwandani zikitumia saa yao ya ndani. Wa pili ni risеti, kwenye AVR (ukoo wa hizo ATmega) pini ya risеti inafanya kazi ikiwa chini ila kwenye 8051 inafanya kazi ikiwa juu, kwa hiyo programu ya kompyuta lazima ijue unashughulika na chipu gani, hakikisha AT89S52 ipo kwa jina kwenye orodha yake, usichague AVR inayofanana fanana ukategemea itakubali. Wa tatu ni kasi, saa ya SCK inatakiwa iwe chini ya sehemu moja ya 16 ya kristali yako, kwa hiyo kama ina mpangilio wa mwendo wa pole weka huo kwanza.

Na kwa wale ambao hawajanunua chochote bado, orodha ya kuanzia ni fupi: chipu yenyewe, bredibodi (ubao wa kuchomeka vifaa bila kuchomelea), kristali ya MHz 11.0592 (namba hiyo ina sababu, ntaifikia chini), kapasita mbili za pF 30 hivi za kwenda nayo, kapasita ya µF 10 na rezista ya 10k za risеti, kapasita ndogo ya µF 0.1 unayoiweka karibu kabisa na pini za umeme, LED chache, rezista, batani, na umeme wa volti 5 ulio safi. Pini 40 ni volti 5, pini 20 ni graundi. Kapasita ya risеti inatoka volti 5 kwenda pini 9, rezista inatoka pini 9 kwenda graundi. Na tafadhali tena tafadhali pini 31, ile EA, iunge kwenye volti 5. Ukiiacha inaelea chipu inaweza kudhani programu iko kwenye memori ya nje, inaenda kuitafuta huko haikuti kitu, na wewe unakesha unakagua programu ambayo haina kosa lolote. Mita ni lazima pia, ya bei yoyote, kwa sababu kabla ya kulaumu programu inabidi upime volti kwenye pini 40, 31 na 9. Pini 9 ikiwa imetulia isome karibu sifuri, ikisoma 5 muda wote maana yake chipu imeshikiliwa kwenye risеti na haijaanza hata amri ya kwanza.

SWALI: Mimi nimefanikiwa kuflashi na programu inaenda, ila LED yangu inawaka kwa mbaali sana hadi nizime taa ya chumbani ndo naiona. Nimeunga P1.0 kwenda rezista kwenda LED kwenda graundi. Rezista nimepunguza hadi 100 bado hafifu.

JIBU: Hilo swali nalipenda sana kwa sababu jibu lake linakuonyesha chipu ilivyo ndani. Pini za 8051 kwenye porti (kundi la pini nane) 1, 2 na 3 hazina nguvu sawa pande zote. Pini ikiwa 0 kuna transista ya kweli inayovuta kwenda graundi, lakini ikiwa 1 kuna kivutio dhaifu tu cha ndani kinachoinyanyua, datashiti (maelezo rasmi ya mtengenezaji) inakuhakikishia maikroampia 60 hivi tu. Ni kama mtu anayesukuma mlango kwa kidole kimoja ila akitaka kuuvuta anatumia mikono miwili. LED inataka miliampia kadhaa, sasa maikroampia 60 itafanya nini, ndo hiyo unayoiona gizani. Kupunguza rezista hakusaidii maana kizuizi kiko ndani ya chipu.

Geuza saketi. Toka volti 5, pitia rezista ya 1k, pitia LED, ingia P1.0. Sasa LED inawaka ukiandika 0 na inazima ukiandika 1. Mwanzoni inachanganya ila utazoea. LED nyekundu inakula kama volti 2 hivi, zinabaki kama 3 kwenye rezista, 3 gawanya kwa 1000 unapata miliampia 3, inaonekana vizuri kabisa.

Na ukitaka kuweka LED nane kwenye porti nzima usikimbilie. Datashiti ya AT89S52 inasema pini moja isizidi miliampia 10 lakini porti 1 yote kwa pamoja isizidi 15. Nane mara 3 ni 24, umeshapita. Weka rezista za 2.2k, utapata kama 1.4 kwa kila moja, jumla 11, uko salama. Porti 0 yenyewe haina hata hicho kivutio dhaifu, ukiitumia kutoa au kusoma 1 lazima uweke rezista zako za 10k kutoka volti 5.

SWALI: Habari fundi, nimeandika kitanzi cha kuhesabu hadi 30000 ili LED iwake na kuzima kila sekunde, ila nikibadilisha kidogo programu muda nao unabadilika. Nifanyeje nipate sekunde ya kweli?

JIBU: Nzuri. Kitanzi cha kuhesabu kinategemea kompaila imekitafsiri vipi, leo inatoa amri tano kesho saba, ndo maana muda unayumba. Tumia taima, kazi yake ndo hiyo. Na hapa ndo ile MHz 11.0592 inaanza kuwa tamu. Gawanya kwa 12, taima inahesabu mara 921,600 kwa sekunde. Milisekunde 50 ni hesabu 46,080. Taima 0 ikiwa ya biti 16 inajaa ikifika 65,536, kwa hiyo unaianzisha kwenye 65,536 toa 46,080, unapata 19,456, ambayo kwa hex ni 4C00. Haina mkia wowote. Rudia mara 20 una sekunde moja.

#include "8052.h"

void ngoja50() {
  TH0 = 0x4C;
  TL0 = 0x00;
  TF0 = 0;
  TR0 = 1;
  while (!TF0);
  TR0 = 0;
}

void main() {
  unsigned char i;
  TMOD = 0x01;
  while (1) {
    P1_0 = !P1_0;
    for (i = 0; i < 20; i++) ngoja50();
  }
}

Hiyo ni kwa SDCC, kompaila ya bure ambayo inaenda kwenye Windows, Linux na Mac. Unaandika sdcc taa.c inakupa faili la taa.ihx, halafu packihx inalibadilisha kuwa hex ya kuflashi. Soma mstari kwa mstari: TMOD inasema taima 0 iwe ya biti 16, TR0 inaiwasha, TF0 ndo bendera inayopanda taima ikijaa. Hayo majina ya herufi kubwa sio ya kubuni, yote ni rejista na biti za kweli ndani ya chipu na zote ziko kwenye datashiti. Kuna maikrosekunde chache zinapotea kwenye kuita na kurudi, kwa LED hazina maana, ukija kutengeneza saa ya ukutani hapo itabidi ujifunze intarapti (njia ya taima kuikatiza programu ikijaa), ila isikusumbue leo.

SWALI: Nimeunga 8051 na kompyuta kwa njia ya siriali, baud 9600, napata alama za ajabu ajabu tu. Kristali yangu ni MHz 12.

JIBU: Jibu umelitaja mwenyewe, ni hiyo kristali. Taima 1 ndo inayotengeneza mwendo wa siriali, na kwa MHz 11.0592 hesabu inakuwa 28,800 gawanya kwa 3, unapata 9600 kamili, TH1, rejista ya taima hiyo, unaweka 0xFD. Kwa MHz 12 inakuwa 31,250 gawanya kwa 3, unapata 10,417 hivi, umekosea zaidi ya asilimia 8 na siriali haivumilii hivyo. Badilisha kristali, usihangaike na programu. Kama huna nyingine, shuka hadi 2400 kwa kuweka TH1 0xF3, hapo kosa ni dogo na itasomeka. Na uhakikishe unatumia adapta ya USB ya volti 5, ukiunga moja kwa moja kwenye soketi ya zamani ya RS-232 bila MAX232 katikati utaiua chipu, kule kuna volti hasi na volti kubwa.

SWALI: Batani yangu nikibonyeza mara moja inahesabu mara tatu, mara nyingine tano. Nimenunua batani nyingine, yale yale.

JIBU: Batani zote ziko hivyo, hazijaharibika. Vile vibati vya ndani vikigusana vinaruka ruka kwa milisekunde kadhaa kabla ya kutulia, na chipu yako inasoma kila maikrosekunde chache kwa hiyo inaona kila mruko. Unga batani kutoka P3.2 kwenda graundi, andika 1 kwenye hiyo pini kwanza ili iwe tayari kusoma (watu wanasahau hili, 8051 haina rejista ya kuchagua pini iwe ya kuingiza au kutoa, ni hiyo 1 tu ndo inaiachia), ukiona 0 ngoja milisekunde 20 halafu soma tena. Ikiwa bado 0 basi ni mbonyezo wa kweli, hesabu moja, kisha subiri mpaka iachiwe, na ikiachiwa ngoja tena 20. Kwa milisekunde 20, kwa kristali ile ile ya MHz 11.0592, taima unaianzishia B800 ya hex.

SWALI: Mimi ni mama wa kijana wa miaka 14, amepata hamu kubwa ya hivi vitu na mezani kwangu siku hizi ni waya tupu. Je, ni salama? Na nimwanzishe na nini, mie sijui chochote.

JIBU: Mama, hongera kwa kumpa nafasi mezani. Volti 5 hazimdhuru mtu. Cha kuangalia ni vitatu tu, asichezee umeme wa ukutani, yaani atumie chaja ya USB nzima isiyofunguliwa, asitumie betri za lithiamu zilizo wazi manake zikipigwa shoti zinawaka moto, na asishike pasi ya risasi peke yake kwa sasa, bredibodi inamtosha kabisa haihitaji kuchomelea kitu. Chipu ikipata joto la kuunguza kidole achomoe umeme haraka, mara nyingi ameichomeka kinyume, pale kwenye chipu pana kijibonde upande wa juu kinachoonyesha pini 1 ilipo. Ataunguza moja mbili, usimgombeze. Na hata usipojua chochote unaweza kumsaidia sana kwa kumwambia akueleze kila waya inafanya nini. Pale atakaposita akieleza, hapo ndo pa kurudi kusoma, na yeye mwenyewe atapaona.

SWALI: Nianze na asembli (kuandika amri zenyewe za chipu moja moja) au C? Mwalimu anasema asembli, intaneti inasema C.

JIBU: Anza na C taa iwake, halafu fungua faili la .asm ambalo SDCC inalitengeneza pembeni ya programu yako na ulisome. 8051 ina amri 111 ila kwa programu ndogo utakutana na kumi na kitu tu, MOV, SETB, CLR, DJNZ, LCALL na wenzake. Mwalimu wako yuko sahihi kwamba uijue, tofauti yetu ni ya mpangilio tu. Akiweka asembli kwenye mtihani basi soma asembli.

SWALI: Programu yangu ilikuwa inaenda vizuri, nikaongeza jedwali la namba 100 za kuonyesha michoro kwenye LED, sasa inafanya vituko, inajianzisha upya yenyewe au inaganda. Sijagusa kitu kingine.

JIBU: Inaelekea umemaliza RAM ndugu yangu. AT89S52 ina baiti 256 tu, na katika hizo ni 128 za kwanza ndo zinafikiwa moja kwa moja, na ndani ya hizo 256 kuna rejista, vigeu vyako, na steki inayotunza anwani za kurudi baada ya kuita fankisheni. Jedwali la baiti 100 linaisukuma steki na kuipunguzia nafasi, na nafasi hiyo ikiisha, ukiita fankisheni ndani ya fankisheni nyingine anwani ya kurudi inaharibika na chipu inarukia mahali pasipojulikana. Kompaila haikukatalia kwa sababu kwa hesabu yake vitu viliingia.

Jedwali hilo halibadiliki, sivyo? Basi halina sababu ya kukaa kwenye RAM. Andika __code const unsigned char michoro[100] na litakaa kwenye fleshi, memori ya programu, ambako una kilobaiti 8 na nyingi ziko tupu. Halafu kila ukikompaili fungua lile faili la .mem, kuna mstari unaokwambia steki inaanzia wapi na imebakiwa na baiti ngapi. Ikiwa chini ya 30 hivi anza kupunguza vigeu, tumia unsigned char badala ya int popote ambapo namba haizidi 255, na vile vya ndiyo au hapana vifanye __bit, nane vinaingia kwenye baiti moja. Jaribu hivyo, na kama itaendelea kuganda nitumie programu nzima pamoja na hilo faili la .mem, bila hilo siwezi kukusaidia.